Taya la mgonjwa mkononi mwake: mwongozo kamili wa kueleza upasuaji kwa modeli zilizochapwa

Kwenye kliniki nyingi za upasuaji wa kinywa na taya hapa Nairobi, maelezo hutolewa mbele ya skrini. Daktari hufungua picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, huzipitisha moja baada ya nyingine, huonyesha doa jeusi upande wa kushoto na kusema, "Tatizo liko hapa." Mgonjwa huitikia kwa kichwa, hutia saini fomu, na akifika nje jamaa zake wakimuuliza atafanyiwa nini, hana jibu. Si kosa lake. Picha ya CT ni ya kijivu, haina kina, na sisi wenyewe tulisomea miaka kadhaa ndipo tukaweza kuielewa. Taya la plastiki lenye ukubwa uleule wa lake, lililochapwa kwa printa ya 3D kutokana na picha zake mwenyewe, halihitaji mkalimani. Anapitisha kidole juu ya uvimbe na papo hapo anajua umeanzia wapi na umefika wapi.

Naandika kwa ajili ya daktari wa meno, mpasuaji, tabibu, muuguzi au fundi wa maabara ya meno anayetaka kuanza. Uchapaji wenyewe nitaueleza kiasi cha kukuwezesha kuufanya. Sehemu kubwa nitaiweka kwenye mazungumzo, kwa sababu modeli nzuri inayokaa mezani huku daktari akizungumza peke yake haijamsaidia mtu yeyote.

Nani anahitaji modeli yake mwenyewe

Si kila mgonjwa. Anayeng'olewa jino la mwisho hahitaji taya lililochapwa. Aliyeanguka na bodaboda jana usiku na atafanyiwa upasuaji kesho asubuhi hawezi kungojea printa. Kwa hawa, weka kliniki taya moja la kawaida, zima, la mtu mzima, ambalo utalitumia kwa kila mtu. Mvunjiko unauchora juu yake kwa penseli na kuufuta baadaye. Hili pekee husaidia sana, kwa kuwa taya la chini limepinda kama upinde na likigongwa upande mmoja mara nyingi huvunjika pahali pawili: karibu na kidevu upande huu, na chini ya kiungo kilicho mbele ya sikio upande ule. Mgonjwa huhisi maumivu makali pahali pamoja na kushangaa kwa nini mnataka kugusa na kwingine.

Modeli ya mgonjwa mwenyewe ina thamani zaidi pale ambapo taya lake limebadilika kiasi kwamba taya la kawaida halimweleweshi chochote. Ameloblastoma ndiyo mfano mkubwa. Ni uvimbe unaoota kwenye mfupa wa taya, hasa taya la chini kuelekea nyuma, hukua polepole na mara nyingi hauumi, kwa hiyo watu wengi hufika hospitali uso ukiwa umeshabadilika. Kwa kawaida si saratani inayosambaa mwilini, lakini hula mfupa, na ukikwanguliwa tu bila kuondolewa na mfupa unaouzunguka hurudi mara nyingi. Ndiyo maana mpasuaji hukata akipita mpaka wa uvimbe kwa sentimita 1 hadi 2. Na hapo ndipo lilipo swali gumu kuliko yote katika kliniki hii: "Mbona mnatoa hata pahali pazima?" Ukiwa na modeli unaweza kulijibu swali hilo kwa kidole.

Wengine wanaofaidika ni wenye kiungo cha taya kilichogandamana na fuvu, ambao wengi wao ni watoto au vijana walioumia wakiwa wadogo na sasa hawawezi kufungua kinywa. Wanaorekebishiwa taya lililojitokeza au kurudi nyuma. Na waliopoteza kipande cha taya zamani na sasa wanataka kujengewa kingine.

Hatua ya kwanza: picha

Usimwagizie mgonjwa CT kwa sababu ya modeli. Mionzi na gharama lazima viwe na sababu ya matibabu. Kwa bahati, karibu kila mgonjwa wa aina niliyotaja hupigwa CT kwa ajili ya kupanga upasuaji, kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha picha hizo zinafaa pia kuchapwa.

Zungumza na mpiga picha kabla. Mwombe picha za mfupa zenye unene usiozidi milimita 1, na ziwe faili kamili za DICOM, yaani faili za asili zinazotoka kwenye mashine ya picha. Hapa ndipo wengi hukwama: mgonjwa hutoka kituo cha picha na CD yenye picha chache zilizochaguliwa, au yenye vipande vya milimita 5, na modeli itakayotokana na hivyo itakuwa na ngazi ngazi kama mteremko uliolimwa matuta. Vipande vyembamba huwa vimo kwenye mashine yao kwa muda tu, kwa hiyo viombe siku hiyohiyo.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: mgonjwa asifunge meno wakati wa kupigwa picha. Akiuma kipande cha pamba au kijiti cha mbao, meno ya juu yakaachana kidogo na ya chini, kutenganisha mataya mawili kwenye kompyuta kutakuwa kazi ya dakika chache. Meno yakigusana utakaa ukiyakata moja moja. Vijazo vya chuma na waya za kunyooshea meno hutoa miale inayoharibu picha. Huwezi kuviondoa, ila ujue kwamba sehemu ya meno kwenye modeli itakuwa na miiba utakayoifuta.

CT ndogo ya meno, ile ya mwale wa koni, nayo inafaa kwa taya na kwa kawaida mionzi yake huwa kidogo. Tahadhari ni kwamba namba zake za weupe wa mfupa si za kutegemewa kama za CT ya kawaida, kwa hiyo utarekebisha kwa macho.

Hatua ya pili: faragha kabla faili halijaondoka

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa data nyeti. Faili za DICOM hubeba jina, umri, tarehe na namba ya hospitali ndani yake. Zaidi ya hayo, picha za CT za kichwa zina ngozi, na mtu akizifungua kwa programu ya bure anaweza kuutengeneza uso unaotambulika. Kwa hiyo kama unachapishia nje, iwe kwenye karakana kama Gearbox, FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi au kwa kijana mwenye printa mtaani, usitume DICOM kamwe. Tengeneza umbo la mfupa mwenyewe, tuma faili la STL peke yake, ambalo hubeba umbo tu, na ulitambulishe kwa namba badala ya jina.

Mwambie mgonjwa pia. Sentensi mbili zinatosha: "Tungependa kutumia picha zako kuchapa mfano wa taya lako ili tukueleze vizuri. Jina lako halitaandikwa popote." Ukitaka kuitumia modeli hiyo baadaye kufundishia wanafunzi au kuipiga picha, hiyo ni ruhusa nyingine, iombe kando.

Hatua ya tatu: kuutoa mfupa kwenye picha

Programu ya 3D Slicer ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hii. Fungua folda ya DICOM, chagua mfululizo wenye vipande vyembamba zaidi, kisha nenda sehemu ya kugawanya maumbo. Weka kizingiti cha mfupa, yaani kiwango cha weupe ambacho kuanzia hapo programu inahesabu kuwa ni mfupa. Kwenye CT ya kawaida anzia karibu vipimo 250 vya Hounsfield, ambavyo ndivyo namba za weupe za CT, kisha uongeze au upunguze hadi taya lionekane kamili bila ukungu wa nyama kuzunguka. Kizingiti kikiwa juu mno, mfupa mwembamba unatoboka na utaona matundu ambayo mgonjwa hana. Kikiwa chini mno, nyama inagandana na mfupa.

Kwa ameloblastoma kuwa mwangalifu zaidi. Ukuta wa mfupa unaouzunguka uvimbe huwa umekuwa mwembamba sana, na kompyuta huufuta wote. Mgonjwa akiona tundu kubwa pale ambapo kuna ganda, atadhani taya lake limeshaoza. Ujaze ukuta huo kwa brashi, kipande kwa kipande, ukifuata picha ya asili. Uvimbe wenyewe uchore kama umbo la pili, peke yake, ili uweze kuupa rangi yake.

Baada ya hapo kata fuvu na uti wa shingo kwa mkasi wa programu, bakiza kisiwa kikubwa kimoja ambacho ni taya, lainisha kidogo tu, na utoe faili la STL. Kulainisha kukizidi, tundu la kidevuni ambamo mshipa wa hisia hutokea hupotea, na tundu hilo utalihitaji sana kwenye maelezo.

Kuna makosa mawili ya kuchunguza kabla ya kuchapa. La kwanza ni kulia na kushoto kugeuka, jambo linaloweza kutokea faili linapohamishwa kati ya programu na programu. Chonga herufi ya upande kwenye umbo lenyewe, ndani ya pembe ya taya, iwe sehemu ya plastiki. La pili ni ukubwa: faili la STL halibebi kipimo cha urefu, kwa hiyo programu moja ikidhani ni inchi unapata taya la jitu. Pima umbali kati ya pembe mbili za taya kwenye CT, uuandike, na uupime tena kwa kalipa kwenye modeli ikishatoka.

Hatua ya nne: kuchapa

Printa ya kawaida inayoyeyusha filamenti, yaani uzi wa plastiki, ya PLA inatosha. Taya la chini la mtu mzima hutumia chini ya gramu 100, kwa hiyo roli moja ya kilo moja itakupa mataya kumi na zaidi. Tumia tabaka za milimita 0.2, kuta tatu, na ujazo wa ndani wa asilimia 15 hivi. Chapa kwa ukubwa halisi, kamwe usipunguze ili kuokoa muda; mgonjwa anataka kuliweka karibu na uso wake. Kazi nzima huchukua saa kadhaa, kwa hiyo watu wengi huiacha ikiendelea usiku.

Na hapo stima inapotea. Tafuta printa inayoweza kuendelea ilipoachia umeme ukirudi, au uiunganishe na betri ya akiba. Filamenti nayo huvuta unyevu, hasa misimu ya mvua, ikaanza kutoa povu na nyuzi nyuzi. Ihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Printa ya resini hutoa umbo laini zaidi, na resini angavu inapendeza kwa kuonyesha uvimbe ndani ya mfupa. Ila resini mbichi inadhuru ngozi, huoshwa kwa spiriti na kukaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, na inahitaji chumba chenye hewa. Kwa anayeanza, naona PLA nyeupe ndiyo chaguo la busara. Kwa fedha zitakazobaki nunua modeli ya pili: taya zima la kawaida, la kulinganisha.

Modeli hii ni ya kueleza. Usiitumie kukunjia chuma cha mgonjwa, yaani bamba la kuungia taya, wala kuiingiza chumba cha upasuaji. PLA hulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na mashine ya mvuke inayosafisha vifaa hufika 121 au 134. Modeli za kupangia upasuaji zina masharti yake ya usahihi na usafi, na hazipaswi kuchanganywa na zinazopita mikononi mwa familia nzima.

Hatua ya tano: kuifanya isomeke kwa kidole

Toa nguzo za plastiki zilizoshikilia modeli wakati wa kuchapwa, piga msasa pahali penye ncha, kisha uanze kazi ninayoipenda kuliko zote.

Uvimbe upake rangi ya kucha, rangi moja tu, ile utakayoitaja kwenye maelezo. Epuka nyekundu iliyokolea kwa mgonjwa mwenye hofu. Inafanana na damu. Rangi ya chungwa au buluu inatosha.

Mshipa wa hisia wa taya la chini hupita ndani ya mfupa kutoka nyuma, chini ya mizizi ya magego, ukatokea kwenye tundu la kidevuni chini ya meno ya pembeni. Chukua waya mwembamba wenye ganda la njano, ule unaouzwa kwa mita maduka ya Luthuli Avenue, uupitishe kwenye mfereji kama umechapika, au uubandike kwa gundi juu ya mfupa mahali unapopita. Ncha yake iache ikining'inia nje ya tundu la kidevuni kwa sentimita mbili. Ncha hiyo itamweleza mgonjwa ganzi ya mdomo vizuri kuliko maneno yoyote.

Kisha kipande kitakachotolewa. Programu nyingi za kuandalia uchapaji, PrusaSlicer ikiwemo, zina zana ya kukata umbo vipande. Kata pale ambapo mpasuaji amepanga kukata, vichape vipande mbali mbali, na uviunge kwa sumaku ndogo zilizogandishwa kwa gundi ndani ya vishimo. Angalia pande za sumaku kabla gundi haijakauka, zisije zikasukumana. Sasa mgonjwa anaweza kukichomoa kipande kwa mkono wake mwenyewe, akaona kilichobaki, akakirudisha. Mpasuaji mwenyewe lazima athibitishe mistari hiyo. Fundi asiikisie.

Mwisho, tafuta chuma cha kufundishia au kilichochakaa, au chapa umbo lake kwa filamenti ya kijivu, kikae juu ya pengo. Na kama mgonjwa atafungwa mataya kwa waya, funga waya kweli kwenye modeli ya mataya mawili.

Hatua ya sita: mazungumzo

Tenga muda usiokatizwa, katika chumba chenye mlango. Muulize mgonjwa angependa nani awepo. Hapa kwetu gharama ya upasuaji mara nyingi huchangwa na ukoo, na anayemuuguza nyumbani si yule anayelipa. Kaka atakayetoa pesa na mama atakayepika uji wote wanahitaji kuelewa. Lakini uamuzi ni wa mgonjwa, na modeli ianzie mkononi mwake, si mkononi mwa kaka.

Anza kwa kumuuliza yeye: "Umeambiwa nini mpaka sasa kuhusu taya lako?" Utashangazwa na majibu. Wapo wanaodhani watakatwa ulimi. Wapo walioambiwa na jirani kwamba ukigusa uvimbe unageuka saratani.

Usiitoe modeli ghafla. Watu wengine huogopa kuona mfupa wa kichwa, na wengine imani zao hazipendi. Iweke ndani ya kitambaa, umwambie kilichomo, uombe ruhusa. Akisita, mwonyeshe kwanza taya zima la kawaida. Mwambie aguse pembe ya taya lake chini ya sikio, kisha aiguse ileile kwenye plastiki. Aweke vidole mbele ya masikio na kufungua kinywa, ahisi kiungo kikisogea. Akishaujua mfupa kwa kujigusa mwenyewe, wa kwake uliobadilika hautamtisha sana.

Sasa mpe lake, pamoja na kioo. Kioo ni muhimu. Modeli ikimtazama, kushoto kwa modeli kunakuwa upande wa kulia wa mgonjwa, na wengi huondoka wakiamini watapasuliwa upande usio sahihi. Ishike chini ya kidevu chake ikitazama mbele kama anavyotazama yeye, ajione kwenye kioo na modeli kwa pamoja. Upande wenye rangi na shavu lililovimba vitakuwa mstari mmoja.

Halafu nyamaza. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa daktari mwenye foleni nje. Mwache aigeuze, atie kidole, achomoe kipande. Swali la kwanza litakalotoka kinywani mwake ndilo unalopaswa kuanza nalo, hata kama si lile ulilolipanga. Tuseme ni mama wa makamo kutoka Kayole, ameketi na binti yake:

"Sasa daktari, hii yote yenye rangi inatoka?"

"Inatoka yote, mama. Na hapa penye mstari, nje ya rangi, napo panatoka."

"Na hapa pazima mbona mnapatoa?"

"Ugonjwa huu hupenya ndani ya mfupa pale ambapo picha haiwezi kuona. Tukikata kwenye rangi tu, unaweza kurudi, na tutakata tena, kikubwa zaidi."

"Haya. Na meno haya?"

"Yaliyo kwenye kipande hiki yanaondoka nacho. Yahesabu."

Anahesabu kwa kidole, polepole. Binti anahesabu naye. Usimsaidie.

"Ni matano."

"Ni matano, mama."

Meno matano yaliyohesabiwa na mwenyewe hayatamshtua atakapoamka wodini.

Endelea hivyo, jambo moja kwa wakati mmoja. Shika ule waya wa njano, kivute kipande, aone waya ukiondoka nacho au ukibaki. Kama mshipa utakatwa, mwambie wazi kwamba mdomo wa chini na kidevu upande huo vitakuwa na ganzi, pengine kwa maisha, lakini mdomo bado utasogea, kwa kuwa kusogea ni kazi ya mshipa mwingine ambao haumo kwenye modeli. Mshipa huo mwingine nao unaweza kuguswa ikiwa kidonda kitakuwa chini ya taya, na mdomo ukalegea upande mmoja, kwa muda au kwa kudumu. Onyesha kwa kidole kwenye shingo yake mwenyewe pale kidonda kitakapopita.

Pengo litajazwa na nini? Chuma peke yake, mfupa wa nyonga, au mfupa mwembamba wa mguu pamoja na mishipa yake ya damu. Huu wa mguu huwatia watu hofu kuliko taya lenyewe, kwa sababu wanasikia "tutachukua mfupa wa mguu" na kujiona wakitembea kwa magongo. Hapa weka modeli chini. Chukua kalamu uchore juu ya mguu wake, upande wa nje: mfupa mwembamba uko huku, mnene unaobeba mwili uko hapa na hauguswi. Juu karibu na goti na chini karibu na kifundo tunaacha sentimita 6 hivi kila upande ili viungo vibaki imara. Mwache asimame, autazame mchoro huo.

Kwa anayefungwa waya, tumia modeli ya mataya mawili na koleo la kukatia waya. Mfungo kwa mtu mzima huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Mweleze atakunywa nini: uji mwepesi, supu iliyochujwa, maziwa, parachichi iliyosagwa hadi ikawa maji. Kisha mpe jamaa yake koleo, akate waya kwenye modeli mwenyewe, pale pale ulipomwonyesha. Mgonjwa akitapika au akikosa pumzi nyumbani saa nane za usiku, mikono ya jamaa huyo itakuwa imeshafanya kazi hiyo. Sijui matumizi bora ya modeli kuliko haya.

Mambo ambayo modeli haisemi, yaseme wewe. Plastiki haina nyama, haivimbi, haiumi. Uso utavimba na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Na ukimwonyesha umbo la taya baada ya kujengwa, lililotengenezwa kwa kunakili upande usio na ugonjwa na kuugeuza, mwambie kuwa huo ni mpango wa daktari. Uso wake utakaribia hapo lakini hautafanana sawasawa.

Wagonjwa wachache wanahitaji mpangilio tofauti. Asiyeona hufaidika pengine kuliko wote. Mwongoze kidole chake na umpe muda mara mbili. Kiziwi anayetumia Lugha ya Ishara ya Kenya hawezi kutazama modeli na mkalimani kwa wakati mmoja: onyesha, ngoja ainue macho, ndipo mkalimani aeleze. Mtoto mpe modeli aichezee na umjibu ukweli kwa maneno mafupi. Na shosho asiyekielewa Kiswahili chako vizuri, mtafutie muuguzi wa lugha yake badala ya kumtegemea mjukuu, ambaye huenda akaficha yale mabaya kwa mapenzi.

Hatua ya saba: kabla ya saini

Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama, na haki yake ya kukataa, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Modeli inakusaidia kutimiza hilo, lakini haichukui nafasi ya fomu, wala fomu haichukui nafasi ya mazungumzo.

Mpe modeli na umwombe akueleze wewe: "Nieleze kama vile unamweleza mtu wa nyumbani, utafanyiwa nini." Msikilize mambo manne: kinachotoka, kinachowekwa, atakachopoteza, na njia nyingine iliyokuwepo, ikiwemo ya kutofanyiwa chochote. Akikwama pahali, kosa ni la maelezo. Rudia pale tu. Akisema anataka kwenda kufikiria, mwache aende. Akiomba kuipeleka modeli nyumbani kuwaonyesha wengine, mimi humpa. Andika kwenye faili lake kuwa modeli ilitumika, nani alikuwepo, na maswali aliyouliza.

Kati ya mgonjwa na mgonjwa, taya la kliniki lioshwe kwa maji ya baridi na sabuni kisha lipanguswe kwa spiriti. Matabaka ya PLA yana vijifereji vinavyoshika uchafu, kwa hiyo likianza kubadilika rangi litupe uchape jingine.

Baada ya upasuaji

Modeli haijamaliza kazi. Siku anapotoka wodini itumie tena kumwonyesha chuma kilipo na skrubu zilipo, na mahali asipopaswa kutafunia. Kwa aliyefunguliwa kiungo kilichogandamana, itumie kila anaporudi kliniki, kwa sababu mazoezi ya kufungua kinywa yanauma na huachwa haraka. Akiona mfupa uliokatwa na pengo ambalo linaweza kuziba tena asipofanya mazoezi, anajua anachokipigania anapofungua kinywa huku machozi yakimtoka.

Kisha mpe modeli iwe yake, kama anaitaka. Chini ya kidevu cha plastiki andika kwa kalamu isiyofutika tarehe ya upasuaji, upande, na aina ya chuma kilichowekwa. Asiyeitaka, ivunjwe vipande kabla ya kutupwa, na faili la STL lifutwe kwenye kompyuta ya mchapaji siku ileile modeli ilipochukuliwa.